Kumtambua na Kumvua Trauti Katika Vijito Vidogo

Kabla ya kutia ndoano majini, mvuvi anapaswa kuwa na hakika ya samaki anayemtafuta, kwa kuwa mahali pengi kanuni za msimu, za urefu unaoruhusiwa na za idadi ya samaki hutofautiana kati ya aina moja ya trauti na nyingine. Alama moja ya samaki wa ukoo wa trauti, ingawa samaki wengine kadhaa pia wanayo, ni pezi dogo la nyama, lisilo na miiba, lililoko mgongoni karibu na mkia, nyuma ya lile pezi kubwa la mgongo. Samaki ambaye kwa asili hana pezi hilo si trauti, hata kama umbo lake linafanana naye.

Baada ya hapo tazama mkia. Trauti wa upinde wa mvua (Oncorhynchus mykiss), ambaye asili yake ni magharibi ya Amerika ya Kaskazini na Kamchatka, ana madoa meusi yaliyotapakaa mkia mzima, na mara nyingi ana mstari wa waridi ubavuni. Trauti wa kahawia (Salmo trutta), mwenye asili ya Ulaya na maeneo ya jirani, kwa kawaida hana madoa mkiani, au anayo machache tu. Ubavuni ana madoa meusi na mekundu yaliyozungukwa na duara hafifu. Aina ya tatu inayopenda vijito baridi, Salvelinus fontinalis ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini, hujulikana kwa kinyume chake: madoa yake ni mepesi juu ya ngozi nyeusi, mgongo wake una michirizi iliyojipinda kama minyoo, na mapezi ya chini yana ukingo mweupe unaofuatwa na mstari mweusi. Usitegemee rangi ya mwili peke yake, kwa sababu trauti hubadilika kulingana na sakafu ya kijito na mwanga, na samaki wa maji yenye kivuli huweza kuwa mweusi kuliko nduguye aliye mita mia kuelekea chini ya kijito.

Wachanga wote wana mabaka marefu yaliyosimama ubavuni. Katika vijito vyenye chakula kidogo mabaka hayo huweza kubaki hadi utu uzima, hivyo samaki wa sentimita 15 si lazima awe mtoto. Pale ambapo samoni wa Atlantiki huzaliana pia, angalia taya ya juu: ya trauti wa kahawia hufika ukingo wa nyuma wa jicho au kuupita, ilhali ya samoni mchanga huishia karibu na katikati ya jicho, na mkia wake umegawanyika zaidi.

Trauti huhitaji maji baridi yenye oksijeni nyingi. Hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 za Selsiasi. Yakizidi 20, ni heri kuacha kuvua, kwani samaki aliyechoshwa kwenye maji ya joto huweza kufa hata akirudishwa. Kipimajoto kidogo mfukoni kina faida kuliko kisanduku kizima cha chambo.

Sasa soma maji. Trauti hulala akiuelekea mkondo, mahali ambapo hatumii nguvu nyingi lakini chakula kinapita karibu na mdomo wake. Mahali hapo ni kwenye mstari ambapo maji ya kasi yanapakana na maji ya polepole (povu linaloelea huonyesha mstari huo waziwazi), mbele na nyuma ya jiwe kubwa, chini ya ukingo uliochimbwa na maji, kwenye mizizi, na chini ya maporomoko madogo. Jihadhari na mwisho wa kidimbwi, pale maji yanapopungua kina kabla ya kumwagika, kwa sababu mara nyingi hukaa hapo samaki mdogo ambaye akishtuka hukimbilia upande wa juu wa kijito na kuwatisha wenzake wote.

Kwa kuwa anatazama upande wa juu wa kijito, mkaribie kutoka upande wa chini. Nuru hupinda inapoingia majini, hivyo trauti huona vitu vilivyo juu ya ukingo vizuri kuliko mtu anavyodhani, lakini kilicho karibu na usawa wa maji hukionea shida. Ndiyo maana wavuvi wa vijito hutembea wameinama au hupiga magoti. Vaa nguo zisizong'aa, usiangushe kivuli chako majini, na ukanyage taratibu, kwa maana mtikisiko wa mawe humfikia kupitia mstari wa hisi ulioko ubavuni mwake.

Fimbo ya mita 2 hivi na mshipi mwembamba vinatosha. Chambo cha manyoya (ndoano iliyofungwa manyoya ili ifanane na mdudu) chenye ndoano ya namba 12 hadi 16, au kijiko kidogo kinachozunguka cha gramu 2 au 3, hufaa karibu kila mahali. Nyungunyungu huvutia sana, lakini samaki humeza ndoano hadi tumboni, kwa hiyo anayekusudia kumwachia samaki asitumie nyungunyungu. Inua jiwe moja kutoka sakafuni uone wanachokula: utakuta wadudu wachanga wenye mikia mitatu, au vijumba vya chembe za mchanga vyenye buu ndani; chagua chambo kinachokaribia ukubwa na rangi ya hao.

Tupa chambo cha manyoya mita moja upande wa juu wa kijito kutoka mahali unapodhani samaki yupo, kisha ukiache kishuke kwa mwendo wa maji yenyewe huku ukiukusanya mshipi unaolegea. Chambo kikikokotwa na mshipi, trauti hukikataa. Chini ya matawi, shika ndoano kwa kupinda kwake, mbali na ncha, uivute mpaka fimbo ijikunje, kisha uachie. Mshipi ukisimama ghafla au ukienda upande, inua fimbo kwa wepesi. Mtupo wa kwanza ndio wenye nafasi kubwa. Baada ya mitatu mizuri bila jibu, songa mbele.

Ukimrudisha, tumia ndoano isiyo na kishikio (kijino kinachoizuia isichomoke), lowesha mikono, usimtoe majini, na umshike akielekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Ukimchukua, mpige kichwani mara moja na umtoe matumbo mapema. Usikanyage mabaka ya changarawe safi, yenye rangi nyepesi kuliko sakafu inayoyazunguka, kwani huenda mayai yamefukiwa hapo: trauti wa kahawia na fontinalis hutaga majira ya vuli, wa upinde wa mvua zaidi majira ya kuchipua. Viatu na wavu vikaushwe kabisa kabla ya kuingia kijito kingine, ili visibebe magonjwa na mimea vamizi.