Namna ya Kumpata Fundi wa Ufito na Rili, na Namna ya Kumkabidhi Kazi

Mvuvi wa mshipi ambaye rili yake, yaani kifaa cha kukunjia mshipi kinachofungwa kwenye ufito, imeanza kukwaruza huwa na njia tatu: kuendelea kuvua nayo mpaka ikwame kabisa, kuifungua mwenyewe mezani, au kumtafuta fundi. Wengi hushika njia ya kwanza kwa kuwa ya tatu inaonekana ngumu. Mafundi wa vifaa hivi ni wachache, na mara nyingi hufanyia kazi chumbani mwao bila kibao mlangoni. Mwongozo huu unahusu njia hiyo ya tatu. Kwa miaka mingi nimepeleka rili na fito kwa mafundi mbalimbali, na nimeona kwamba kazi inapoharibika, mara chache sababu huwa ni fundi kukosa ujuzi. Aghalabu mvuvi hakueleza kasoro ni ipi na kifaa kinatumikaje, na fundi naye hakuuliza.

Ijue kasoro kabla ya kumtafuta mtu

Jambo la kwanza ni kutambua kwamba ufito na rili ni kazi mbili tofauti. Fundi wa rili anafanana na fundi saa: anashughulika na gia, beringi, springi na skrubu ndogo. Fundi wa fito hushughulika na uzi, gundi ya epoksi, pete zinazopitisha mshipi na mirija ya nyuzi za kaboni au za kioo. Wapo wanaozifanya zote mbili vizuri, lakini usidhani hivyo mpaka umeuliza.

Kwa rili, kaa mahali penye utulivu, uisogeze karibu na sikio, kisha uzungushe mkono wake wa kukunjia mshipi polepole. Kwenye rili ya bobini (kigunzi kinachobeba mshipi) isiyozunguka, ile inayoning'inia chini ya ufito, mkwaruzo unaosikika mara moja tu katika kila mzunguko wa mkono huelekeza kwenye gia kubwa, kwa sababu gia hiyo huzunguka sawasawa na mkono. Mkwaruzo unaojirudia haraka zaidi, mara tano hivi katika mzunguko mmoja kwa rili yenye uwiano wa gia wa 5.2:1, huelekeza kwenye gia ndogo au beringi inayobeba kichwa kinachozunguka. Mlio unaotokea pale tu mshipi unapovuta mzigo mara nyingi hutoka kwenye kile kigurudumu kidogo kinachopitisha mshipi pembeni. Halafu vuta mshipi kwa mkono dhidi ya breki, ile sehemu inayozuia mshipi usitoke kwa urahisi samaki anapovuta. Ukitoka kwa kushtukashtuka badala ya kutiririka, yamkini vikaratasi vya breki, yaani visahani vyembamba vinavyosuguana ndani yake, vimekauka, vimelika au vimeingiwa na uchafu. Mkono ukirudi nyuma pale usipotakiwa kurudi, kasoro iko kwenye beringi ya kuzuia kurudi nyuma.

Kwa ufito, chukua kipande cha pamba na ukipitishe taratibu ndani ya kila pete, ukizungushe mpaka kiguse duara lote. Hapo utaona jambo ambalo jicho haliwezi kuliona: kwenye pete yenye ufa, nyuzi chache nyeupe za pamba hunaswa na kubaki zimesimama kwenye kauri ya ndani ya pete kama manyoya madogo. Ufa huo, hata ukiwa mwembamba kuliko unywele, hukata mshipi, na mvuvi huilaumu mishipi yake msimu mzima bila kujua. Pete ya namna hiyo hubadilishwa, haizibwi.

Ncha ya ufito ikivunjika sentimita chache tu kutoka mwisho, hukatwa vizuri na kuwekwa pete mpya ya ncha, na ufito huwa mgumu kidogo pale mwishoni. Ukivunjika katikati, fundi huunga kwa kipande cha ndani au cha nje, na ufito hurudi kazini ingawa mpindo wake haubaki uleule. Kuvunjika kwenye kiungio cha vipande viwili ndiko kugumu zaidi. Pete ya ncha iliyochomoka bila kuvunja kitu haistahili fundi hata kidogo: hushikiliwa na gundi inayoyeyuka kwa joto, na unaweza kuirudisha mwenyewe kwa kupasha joto chuma cha pete, si nyuzi za kaboni, ambazo moto huziharibu.

Namba ya modeli ndiyo ufunguo

Kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, tafuta namba ya modeli. Kwenye rili huandikwa chini ya mguu wake, ubavuni au kwenye bobini; kwenye ufito huandikwa juu kidogo ya mpini, pamoja na urefu na uzito wa mshipi unaofaa, yaani uzito ambao mshipi huhimili kabla ya kukatika. Piga picha maandishi hayo kwa karibu, kwenye mwanga wa kutosha, na upige nyingine ya sehemu yenye kasoro. Fundi aliye makini hutafuta kwanza mchoro wa kifaa kilichotawanywa vipande, ambao kila kipuri chake kina namba, na bila modeli hawezi kukuambia kama kipuri kinapatikana au la. Jina la kampuni peke yake halimsaidii, kwani kampuni moja hutengeneza rili zinazofanana kwa sura na kutofautiana ndani.

Umri wa kifaa usikukatishe tamaa. Rili za Penn, kampuni iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1932, na zile za Ambassadeur zilizotoka Sweden kuanzia mwaka 1952, zina wapenzi na mafundi wanaohifadhi vipuri vya modeli zilizoachwa kutengenezwa zamani. Kinyume chake, rili mpya ya bei ya chini ambayo mtengenezaji wake hauzi vipuri inaweza kuwa haina tiba tangu siku ya kwanza. Kwa maoni yangu, hilo ni swali la kuuliza dukani wakati wa kununua, kabla hata ya kuuliza idadi ya beringi.

Mahali pa kuulizia

Ikiwa kifaa bado kiko ndani ya muda wa dhamana, anza na mtengenezaji au kituo alichokiidhinisha, na usikifungue, kwa sababu kukifungua mara nyingi hubatilisha dhamana hiyo. Weka risiti tayari.

Dhamana ikiwa imekwisha, nenda kwenye duka la vifaa vya uvuvi, lakini uliza swali moja wazi: nani hasa atakayeifungua rili hii? Maduka mengine hupokea kazi na kuituma kwingine, na hilo si kosa. Kosa ni wewe kutojua, kwa kuwa maelezo yako yatakuwa yamepita midomo miwili kabla ya kumfikia mwenye bisibisi.

Mimi hupata majibu bora zaidi kwa manahodha na mabaharia wa boti zinazobeba wavuvi wa kukodi. Rili zao hulowa chumvi karibu kila siku na hupigana na samaki wazito, kwa hiyo wanamjua fundi ambaye kazi yake hudumu na yule ambaye rili zake hurudi baada ya wiki mbili. Waulize pia wanachama wa vyama vya wavuvi na washiriki wa mashindano. Kwa fito, mtafute mtu anayetengeneza fito kwa mkono, maana anayeweza kufunga pete kumi kwenye ufito mpya anaweza kufunga moja kwenye ufito wako. Na kama kinachokosekana ni skrubu au kipete kidogo cha shaba cha kushikilia mhimili (bushi) ambacho hakiuzwi tena, fundi wa mashine ya kukerezea chuma anaweza kukichonga, ilimradi umletee cha zamani kama sampuli. Gia usimpelekee, meno yake yanahitaji vipimo vingine kabisa.

Mazungumzo ya kwanza

Rili yangu moja ilirudi kutoka kusafishwa iking'aa kama mpya. Samaki mkubwa wa kwanza alipovuta, mkono wa rili uliachia na kuzunguka kinyumenyume, ukanipiga vifundo vya vidole mpaka vikavimba. Nilipoifungua, nilikuta beringi ya kuzuia kurudi nyuma imejazwa grisi nzito. Beringi hiyo ina vijiti vidogo vya chuma ambavyo lazima viume mhimili papo hapo, na grisi nzito huvifanya viteleze. Fundi yule hakuwa mvivu. Alisikia neno "bahari" akaamua kupaka grisi kila mahali ili kuzuia chumvi, na mimi sikuwa nimemwambia kwamba navua samaki wenye nguvu kwa breki iliyokazwa. Swali moja kwa upande wowote lingetosha.

Kwa hiyo muulize fundi anatumia kilainishi gani na wapi. Jibu zuri hutofautisha sehemu: grisi kwenye gia, mafuta mepesi kwenye beringi za kasi, grisi maalumu ya breki kwenye vikaratasi vya nyuzi za kaboni, na mafuta mepesi kidogo sana, au hakuna kabisa, kwenye ile beringi ya kuzuia kurudi nyuma. Muulize kama amewahi kufungua modeli yako, kama hutoa makadirio kabla ya kununua vipuri, itachukua muda gani, na kama hurudisha vipuri vilivyotolewa. Msikilize pia anachokuuliza yeye. Fundi anayetaka kujua kama unavua kwenye maji ya chumvi au yasiyo na chumvi, na kwa mshipi wa uzito gani, tayari anaifikiria rili yako. Anayetaja bei kabla ya kuiona, mimi humshukuru na kuendelea kutafuta.

Kukabidhi

Usitegemee kumbukumbu ya mtu. Andika karatasi na uiweke pamoja na kifaa, kwa maneno kama haya: "Rili hukwaruza mara moja katika kila mzunguko wa mkono, zaidi inapovuta mzigo. Iliangukia maji ya chumvi miezi miwili iliyopita. Ilisuuzwa lakini haikufunguliwa. Navua baharini kwa mshipi wa kilo 9. Naomba makadirio kabla ya kununua kipuri chochote, na naomba vipuri vya zamani virudishwe." Sentensi hizo chache humwokolea fundi saa nzima ya kubahatisha. Ya pili ndiyo wavuvi wengi huificha kwa aibu, ilhali ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu inamwambia aanze kutafuta chumvi wapi.

Rili iliyozama baharini au iliyoingia mchanga isizungushwe tena. Isuuze kwa maji yasiyo na chumvi wala msukumo mkubwa, ikauke, uipeleke haraka. Maji ya nguvu husukuma chumvi na mchanga ndani zaidi.

Ukituma kwa huduma ya vifurushi, toa mshipi isipokuwa fundi ameutaka, legeza breki kabisa, chomoa mkono wa rili, na uvifunge vyote ndani ya boksi gumu lenye kitu laini pande zote. Ufito uwekwe ndani ya bomba gumu la plastiki, vipande vikiwa vimefungwa pamoja na ncha ikiwa imezungushiwa kitambaa, na hakikisha hakuna ndoana iliyosahaulika. Piga picha za mwisho kabla ya kuziba.

Makadirio yakija, yapime dhidi ya bei ya kifaa kipya cha ubora uleule, si cha bei nafuu kuliko vyote. Beringi, springi na vikaratasi vya breki karibu daima vinastahili kubadilishwa. Ubavu wa rili ulioliwa na chumvi mpaka rangi imevimba na chini yake pana unga mweupe ni habari nyingine, kwa sababu matundu ya beringi yakishapanuka, gia hazikai tena kwenye mstari wake. Na usingoje mwanzo wa msimu, wakati meza ya kila fundi imejaa. Peleka unapomaliza kuvua.

Kupokea

Kipokee kifaa ukiwa na muda wa kukikagua. Rudia majaribio yaleyale uliyofanya mwanzo: rili karibu na sikio mkono wake ukizungushwa, pamba ndani ya pete. Kwa breki, funga mshipi kwenye mizani ya mkono na uvute. Breki hukazwa kwa kawaida kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi, kwa hiyo mshipi wa kilo 9 utavutwa kwa kilo 2.25 hadi 3, na mshale wa mizani unapaswa kutulia mshipi unapotoka, usirukeruke. Kwa ufito, tazama kuanzia kwenye mpini hadi ncha kama mtu anayelenga shabaha, uone kama pete zote zimekaa mstari mmoja, na umuulize fundi epoksi inahitaji siku ngapi kukomaa kabla ya kuubebesha samaki.

Ukiona kasoro, iseme palepale kwa utulivu, ukiionyesha kwa mkono. Kisha andika tarehe, kilichobadilishwa na jina la fundi kwenye karatasi, uibandike ndani ya boksi la rili, na baada ya safari ya kwanza mpigie umwambie jinsi ilivyofanya kazi.