Jinsi ya Kupima Hali ya Chakula Korea Kaskazini

Kwa kuwa serikali ya Korea Kaskazini haichapishi takwimu za kuaminika za uchumi wake, anayetaka kujua kama wananchi wanakula aanze na bei ya kilo moja ya mchele katika jangmadang, yaani masoko ya watu binafsi, yaliyoshamiri wakati wa njaa ya miaka ya 1990, mgao wa serikali ulipokwama. Ilinganishe na bei ya mahindi: mchele ukipanda peke yake, familia huhamia kwenye mahindi, vyote viwili vikipanda kwa pamoja, hapo pana hatari ya kweli, kwa sababu mnyonge hana tena pa kukimbilia. Itazame pia thamani ya won, sarafu ya Korea Kaskazini, dhidi ya yuan ya China, maana mwaka 2009 serikali ilibadilisha noti, won 100 za zamani zikawa 1 mpya, na kwa kuwa kiasi cha kubadilisha kiliwekewa kikomo, akiba za wengi zikayeyuka. Kisha pitia takwimu za forodha za China, hasa za mbolea, kwani mbolea ikichelewa, mavuno ya vuli hupungua. Majira nayo yasisahaulike: mwezi wa Mei, kabla ya shayiri na viazi kuvunwa, akiba za nyumbani huwa zimekwisha, na ongezeko dogo la bei huumiza kuliko lile la Oktoba.