Kipimo cha karatasi cha kugundua aspirini iliyoharibika

Masika Mombasa, chumvi ya mezani huloa yenyewe. Vidonge vya aspirini kwenye kopo lililolegea kifuniko hunywa unyevu huohuo, vikavunjika kuwa asidi ya salisiliki na asidi ya siki. Ukifungua kopo ukasikia harufu ya siki, pima.

Kwenye karatasi ya kuchujia Whatman namba 1, chora kwa kreyoni ya nta miduara ya milimita 9, ukikandamiza. Iweke kwenye sahani ya joto, nyuzi 100 hadi 120, kwa dakika 2. Nta huzama hadi upande wa pili na pia hutambaa kando, hivyo mduara hubaki kama milimita 7. Geuza karatasi, penye pengo, ongeza nta uyeyushe tena.

Saga kidonge. Chukua unga wenye miligramu 100 za aspirini (theluthi ya kidonge cha 300), tikisa dakika 1 katika mililita 5 za ethanoli, chuja. Mililita 1 ya hiyo changanya na mililita 9 za maji baridi. Ethanoli isipozimuliwa hupenya ukuta wa nta na kila kitu huchanganyikana. Na usiuache mmumunyo ukaenda kula mchana: aspirini huendelea kuvunjika majini, utakuwa unapima uzembe wako.

Cha kulinganishia: miligramu 20 za asidi ya salisiliki katika mililita 10 za ethanoli, jaza maji hadi 100. Rangi yake ni sawa na aspirini iliyoharibika kwa asilimia 13 hivi. Mduara mmoja uwe wa ethanoli na maji tu, kwa kiasi kilekile.

Kila mduara utie mikrolita 4 mara tano, ukikausha kwa upepo baridi kati ya tone na tone. Tone moja halitoshi kuonekana. Mwisho tia mikrolita 2 za kloridi ya chuma (III) ya asilimia 1. Zambarau ni asidi ya salisiliki. Aspirini nzima hubaki manjano.

Kloridi hii nayo hunywa unyevu ikawa tope, na hapo uzito wa mizani ni uongo. Mmumunyo ukigeuka kahawia wenye vumbi, tengeneza mpya, tia tone la asidi hidrokloriki. Vidonge vya kuchemka majini havifai: asidi ya sitriki hunyakua chuma na rangi hufifia. Vyenye parasetamoli pia hupotosha, kwani nayo hubadilisha rangi. Piga picha miduara yote pamoja, ikiwa bado mibichi.