Tafuta ukingo kabla hujakodi boti

Wanairobi mnaoshuka Watamu au Shimoni wakati wa kaskazi (upepo wa Desemba hadi Machi) kuvua nduwaro na sulisuli, samaki wakubwa wenye mdomo mrefu kama upanga, fungueni kwanza ramani ya baharini kwenye simu (si ile ya barabara). Mistari ya kina ikisongamana, hapo ndipo ukingo: sakafu ya bahari inaporomoka ghafla. Mkondo ukigonga mteremko huo hupandisha maji baridi yenye rutuba. Samaki wadogo hujazana, jodari na nduwaro huwafuata. Weka alama, mtumie nahodha. Burutani chambo bandia kwa kilomita 13 hadi 15 kwa saa, mkikata ukingo kwa zigizaga, mkianzia upande unakotoka mkondo. Wengi huzunguka juu ya tambarare tupu mpaka mafuta yanaisha, kisha lawama kwa nahodha.