Chai ya barafu nyumbani: jinsi ya kuitoa friji ikiwa safi, bila ukungu

Juzi nilikuwa namwelekeza mtu kwa simu jinsi ya kutengeneza chai ya barafu, kila kitu kikaenda sawa mpaka alipoitoa friji akakuta imekuwa na ukungu (sio ule wa kuvu), haipitishi mwanga, akataka kuimwaga akidhani imeharibika. Haijaharibika jamani, usimwage! Hilo nalieleza kwa urefu kwenye hatua ya 3, huko kwingine nitapita haraka.

1. Kuloweka

Kwa lita 1, chemsha maji nusu lita, zima moto, weka majani vijiko vidogo 5 vya chai nyeusi, funika dakika 4 au 5, chuja. Narudia, zima moto kwanza. Majani yakichemkia motoni yanatoa tanini nyingi (kile kitu cha kwenye majani kinacholeta uchungu na ukakasi) na uchungu wake ukishapoa ndo unausikia vizuri. Ukitaka chai kali ongeza majani, usiongeze muda. Mi napendelea majani yaliyo huru kuliko ya vifuko, yanapata nafasi ya kufunguka, ila kama una vifuko tu basi usivikamue.

2. Sukari

Weka sasa hivi ikiwa moto. Kwenye chai baridi sukari inakaa chini ya jagi tu. Kama nyumbani kila mtu ana kipimo chake, chemsha sukari kikombe 1 na maji kikombe 1 mpaka iyeyuke, hiyo shira iweke pembeni kila mtu ajimiminie.

3. Kupoza

Hapa ndo watu wengi wanaharibikiwa. Ule ukungu unatokea kwa sababu kafeini na tanini zikiwa kwenye maji moto zimeyeyuka vizuri, chai ikipoa zinashikana zinakuwa chembechembe ndogo sana, ndo maana hata ukichuja mara ngapi hazitoki, zinapita tu kwenye chujio. Na kadiri chai ilivyo nzito ndo zinavyoshikana zaidi, kwa hiyo usiiache ipoe ikiwa nzito vile, ukishachuja tu iongezee nusu lita ya maji ya kawaida (sio ya friji), alafu iache mezani mpaka jagi ukilishika halina joto kabisa, hapo ndo iingie friji. Kuikimbiza friji ikiwa ya moto ndo kunakoleta ukungu haraka, na pia unapasha joto vyakula vingine humo ndani. Ila usiisahau mezani kutwa nzima, ikishapoa iingize.

Umefuata yote na bado ina ukungu? Angalia maji. Maji yenye madini mengi, yale yanayoacha ugaga mweupe ndani ya birika, yanaongeza hiyo shida, jaribu maji mengine. Na kama imeshatokea, chemsha maji kidogo, kama robo kikombe, mimina humo huku unakoroga, mara nyingi inarudi kung'aa. Ladha ni ileile, ukungu ni wa macho tu.

Njia ninayoipenda mimi kuliko zote ni kutotumia moto kabisa: majani yaleyale, maji baridi lita 1, funika, friji usiku kucha, kwa muda wa masaa 8 hadi 12, asubuhi chuja. Maji baridi yanatoa tanini na kafeini kidogo kwa hiyo uchungu unapungua sana na ukungu ni nadra. Sukari yake ni ile shira. Ila usije ukaianika juani badala ya friji, jua linaishia kuyafanya vuguvugu na uvuguvugu ndo bakteria wanaupenda.

4. Barafu

Gandisha chai yenyewe kwenye trei ya barafu. Barafu ya maji ikiyeyuka inaizimua na kazi yote uliyofanya inapotea. Na usimimine chai ya moto kwenye glasi ya kawaida yenye barafu, inapasuka.

5. Limao

Mwisho kabisa, kwenye glasi, sio kwenye jagi. Maganda yakilala humo yanaleta uchungu. Rangi itapauka ukiweka limao, ni ile asidi tu, usishtuke. Mnanaa pia unafaa, uponde kidogo kwa vidole kwanza.

Inakaa friji siku 2 au 3 ikiwa imefunikwa. Ikianza utelezi au harufu ya kuchacha, hiyo sasa ndo ya kumwaga.