Somo: Namna ya Kusimamia Mabadiliko Kazini Bila Kupoteza Watu

Somo hili ni la yeyote aliyekabidhiwa kubadilisha jambo kazini: mafaili kuingizwa kwenye kompyuta, idara mbili kuunganishwa, zamu kupangwa upya, muundo wa vyeo kufumuliwa. Si lazima uwe mkurugenzi. Mara nyingi anayebebeshwa mzigo huu ni mkuu wa kitengo aliyeitwa asubuhi moja akaambiwa, "Wewe ndiye utakayesimamia."

Mimi niliitwa hivyo. Nilikuwa naongoza masjala ya taasisi moja, na uongozi ulikuwa umeamua majalada yote yahamie kwenye mfumo wa kompyuta. Nikatangaza siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri, kwenye kikao cha robo saa. Jumatatu nilipofika, ofisi nzima ilikuwa na habari kwamba watu sita wataachishwa kazi. Hakuna aliyeamua hivyo. Lakini sikuwa nimesema neno lolote kuhusu ajira, na pale niliponyamaza watu walijaza wenyewe. Kurudisha imani iliyoondoka mwisho wa wiki ule kulinichukua miezi.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Watumishi wako wanaijua methali hiyo hata wasipoitamka, maana wameshaona misala mingi ikipita: mpango uliozinduliwa kwa fulana na kofia, ukafa kabla fulana hazijachakaa. Kwa hiyo unapoona mtu anasitasita mbele ya jambo jipya, ujue kuna mbachao anaulinda. Usipojua mbachao huo ni upi, hatua zote hapa chini hazitakusaidia.

Hatua ya 1: Andika tatizo kabla ya kuandika suluhisho

Sentensi moja, isiyotaja mfumo mpya wala muundo mpya. "Mteja anasubiri siku tatu kupata jalada lake" ni tatizo. "Hatuna mfumo wa kisasa" si tatizo, hilo ni suluhisho lililovaa nguo za tatizo. Kisha wapelekee sentensi hiyo watu watano wanaofanya kazi yenyewe, uwaulize kama ni kweli. Wakikataa, rudi mezani.

Hatua ya 2: Hesabu nani anapoteza nini

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ndipo wengi wanaporuka.

Chukua karatasi. Orodhesha kila mtu au kila kundi litakaloguswa, na mbele ya kila jina andika anachopoteza. Usiandike faida, hizo zitajaa kwenye waraka wa uzinduzi. Andika hasara. Mwingine anapoteza marupurupu ya muda wa ziada. Mwingine anapoteza meza iliyo karibu na rafiki yake wa miaka kumi. Mwingine, na huyu ndiye tunayemsahau, anapoteza kuwa mtu anayeulizwa.

Masjalani kwetu kulikuwa na karani mkongwe aliyejua kila jalada lilipo bila kufungua daftari. Wakuu wa idara walikuwa wanashuka ngazi wenyewe kumtafuta. Mfumo mpya ulimaanisha kwamba yeyote angebonyeza na kupata. Tulimwita mkaidi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ametafakari kwamba tunamwondolea heshima yake yote kwa siku moja bila hata kumwambia ahsante. Baadaye tulimwomba yeye ndiye apange namna majalada yatakavyoainishwa ndani ya kompyuta, maana wataalamu wa programu walikuwa hawajui lipi linaendana na lipi. Aliifanya kazi hiyo vizuri kuliko yeyote. Kuupenda mfumo hakuupenda hadi anastaafu, lakini mpangilio unaotumika ni wake.

Jambo hili lilishapimwa zamani. Miaka ya 1940, katika kiwanda cha nguo za kulalia cha Harwood huko Virginia, Marekani, watafiti Lester Coch na John French waliona kwamba kila kazi ikibadilishwa kidogo, mafundi wanashuka kiwango na wengi wanaacha. Wakagawa makundi. Kundi moja liliitwa likaelezwa tu mabadiliko na sababu zake. Makundi mengine yalishiriki kupanga, ama kupitia wawakilishi ama kila mtu mwenyewe. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 1948, asilimia 17 ya kundi lililoelezwa tu waliacha kazi ndani ya siku 40 za kwanza, na uzalishaji wao ukabaki chini. Wale ambao kila mtu alishiriki mwenyewe walipanda haraka wakapita hata kiwango chao cha zamani, na katika siku hizo hakuna aliyeacha. Nami hupenda kusimulia kilichofuata: miezi miwili na nusu baadaye, waliobaki katika lile kundi la kwanza walihamishiwa kazi nyingine, safari hii wakishirikishwa kikamilifu. Nao wakapanda. Watu ni wale wale waliokuwa wameonekana wagumu.

Hasara nyingine haionekani kwa mtu mmoja mmoja, iko kati ya watu. Watafiti Eric Trist na Ken Bamforth, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mchimbaji, waliandika mwaka 1951 kuhusu migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza. Zamani wachimbaji walifanya kazi katika vikundi vidogo walivyochaguana wenyewe, wakiifanya kazi yote mwanzo hadi mwisho. Mashine zilipoletwa, kazi ikakatwa vipande katika zamu tatu, kila zamu na kipande chake. Zamu zikaanza kulaumiana na utoro ukaongezeka. Mitambo ilikuwa bora kuliko ya zamani, lakini ule mshikamano uliowafanya watu waaminiane gizani chini ya ardhi haukuwemo kwenye mchoro wa mhandisi. Kwa hiyo katika orodha yako weka safu ya pili: nani atatenganishwa na nani?

Hatua ya 3: Anza na wasimamizi wa kati

Mfanyakazi akisikia tangazo la mkurugenzi, hatua inayofuata ni kumgeukia msimamizi wake na kuuliza, "Hivi hii imekaaje?" Msimamizi akiinua mabega, mpango wako umekwisha hapo hapo.

Basi mpe msimamizi habari siku kadhaa kabla ya wengine, mwache akasirike faraghani, ajibiwe maswali yake, kisha ndiye awaambie watu wake. Na afundishwe kwanza. Kiwanda cha magari cha Fremont, California, kilifungwa na General Motors mwaka 1982. Kikafunguliwa tena mwaka 1984 kwa ubia na Toyota, na wafanyakazi wengi walikuwa wale wale waliokuwa na sifa ya utoro na migogoro. Kabla ya kazi kuanza, mamia ya viongozi wa vikundi walipelekwa Japani kufanya kazi bega kwa bega na wenzao katika kiwanda cha Takaoka. Waliporudi walikuwa wameiona kwa macho kamba ambayo mfanyakazi yeyote huivuta kusimamisha mstari mzima wa uzalishaji akiona kasoro. Ubora wa magari ukapanda na utoro ukapungua sana.

Hatua ya 4: Tangaza mambo matatu

Kitakachobadilika. Kisichobadilika. Na kile ambacho bado hakijaamuliwa, pamoja na tarehe ya kukiamua. Hili la tatu viongozi huliogopa, wakidhani wataonekana hawajui kazi. Laiti mimi Ijumaa ile ningesema, "Suala la idadi ya watumishi litaamuliwa tarehe fulani, na nitawaambia siku hiyo hiyo," uvumi usingepata pa kukaa. Na tarehe ikifika uamuzi haujatoka, itisha kikao hivyo hivyo useme haujatoka.

Usitangaze Ijumaa alasiri.

Hatua ya 5: Jaribu mahali padogo

Chagua kitengo cha kawaida. Ukichagua kitengo cha vijana wanaopenda kompyuta, wengine watasema, "Wale wanaweza, sisi je?" Andika kasoro zote zinazojitokeza, na angalau tatu zirekebishwe waziwazi kabla ya kuendelea, ili watu waone maneno yao yamebadilisha kitu.

Hatua ya 6: Punguza malengo wakati wa kuhama

Kasi ya kazi itashuka. Hata fundi hodari akipewa cherehani asiyoizoea hushona polepole. Ukiacha malengo yale yale wiki za mwanzo, unawalazimisha watu warudi kwenye njia ya zamani kwa siri ili wafikishe idadi. Na kama mifumo miwili itaendeshwa sambamba, weka tarehe ya mwisho. Kuandika daftarini na kuingiza kwenye kompyuta kazi ile ile kunachosha kuliko mabadiliko yenyewe.

Hatua ya 7: Funga mlango wa zamani

Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyekimbia Ujerumani mwaka 1933 akahamia Marekani, alifananisha mabadiliko na barafu: yeyusha, sogeza, gandisha tena. Watu hukumbuka kuyeyusha wakasahau kugandisha. Kugandisha maana yake fomu za zamani ziondolewe makabatini, maelezo ya kazi yaandikwe upya, tathmini ya mwaka ipime kazi mpya. Nimeona ofisi iliyohimiza ushirikiano kwa mabango ukutani huku fomu ya tathmini ikiendelea kupima mtu mmoja mmoja. Watumishi waliisoma fomu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kwetu ni kweli watu watapunguzwa, na bosi amenikataza kusema mpaka wakati ufike. Vijana wangu wananiuliza kila siku. Niwajibuje?

Jibu: Marahaba. Usiwadanganye. Ukisema "hakuna atakayepunguzwa" na wakapunguzwa, watakaobaki hawatakuamini tena katika lolote, nao ndio utakaofanya nao kazi. Sema, "Kuna mambo sijaruhusiwa kuyazungumza, na sitawaambia uongo." Kisha rudi kwa bosi umwombe tarehe. Mwambie wazi kwamba ukimya hauzuii habari, unazuia habari sahihi tu. Kama mna chama cha wafanyakazi, kishirikishwe mapema. Sheria za ajira za nchi nyingi zinadai mashauriano na notisi kabla ya kupunguza watu, kwa hiyo msimshauri bosi kwa huruma peke yake, mwonyesheni na sheria.

Swali: Mimi ni mtumishi wa kawaida, sina cheo. Mabadiliko yanakuja na hatukuulizwa. Somo hili linanihusu?

Jibu: Linakuhusu sana, ndugu yangu. Ifanye ile orodha ya Hatua ya 2 kwa ajili yako mwenyewe na wenzako wawili watatu. Malalamiko ya "hatuutaki mfumo huu" hayana pa kushikwa. Lakini "mfumo huu unamtaka mpokezi aandike taarifa ya mgeni mara mbili, na foleni inaongezeka" ni taarifa ya kazi, nayo ina nafasi ya kujibiwa. Mpelekee msimamizi wako kwa maandishi mafupi.

Swali: Huwa nasikia kwenye semina kwamba asilimia 70 ya mabadiliko kazini hushindwa. Kama ni hivyo, kwa nini tujisumbue?

Jibu: Takwimu hiyo inarudiwa mno. Mwaka 2011 mtafiti Mark Hughes alifuatilia vyanzo vyake, na hakukuta ushahidi halali nyuma yake. Tena, kushindwa ni nini? Mfumo uliochelewa miezi minne lakini unatumika umeshindwa? Badala ya kubeba asilimia ya watu wengine, rudi kwenye sentensi yako ya Hatua ya 1. Kama mteja alisubiri siku tatu na sasa anasubiri saa moja, una jibu lako.

Swali: Nina mama mmoja mtu mzima ofisini, tunamheshimu wote, lakini amekataa kabisa mfumo mpya. Kumwandikia barua ya onyo nashindwa, kumwacha nako wengine wanamfuata. Nifanyeje?

Jibu: Barua weka pembeni kwanza. Kaa naye, peke yenu, wala si ofisini kwako. Usimuulize kwa nini anakataa, muulize kazi yake ilikuwaje kabla, na usikilize hadi mwisho. Mara nyingi katika watu wazima niliowahi kukaa nao hivyo, nilikuta moja kati ya mambo mawili. Ama hawezi kutumia kompyuta na anaona aibu kufundishwa na mtoto mbele ya watu, na huyo mtafutie mafunzo ya faragha, taratibu, na mtu wa rika lake. Ama ameona kasoro halisi ambayo ninyi hamjaiona, na huyo mpe nafasi kikaoni aieleze. Ukishayafanya hayo yote kwa moyo mweupe na bado akakataa, hapo utaratibu wa kawaida wa kazi ufuatwe, kwa heshima, na umjulishe wewe mwenyewe kwa mdomo kabla barua haijamfikia.

Swali: Na kama anayerudi kwenye njia ya zamani ni mkurugenzi mwenyewe? Ametangaza mfumo mpya, lakini bado anadai aletewe karatasi mezani.

Jibu: Basi kila karatasi inayoingia ofisini kwake ni tangazo kwamba mfumo si lazima. Mtu wa kumwendea kwanza ni katibu muhtasi wake, kwa sababu ndiye anayezipokea. Kubalianeni naye tarehe ambayo karatasi zitaishia kwake, awe anamfungulia mkurugenzi taarifa kwenye kompyuta na kukaa naye dakika chache kila asubuhi mpaka mkono uzoee. Mkurugenzi mwenyewe umwambie mapema, mkiwa wawili tu, na umpelekee hesabu: ripoti ngapi wiki hii zimeandaliwa mara mbili kwa sababu yake, na saa ngapi za watumishi zimetumika.