Kufunga giaboksi ya mkono kwenye Chevrolet V8 ya 454, hatua kwa hatua

Injini ya Chevrolet ya inchi za ujazo 454, yaani lita 7.4, ilitoka mwaka 1970. Yapo magari ya Chevrolet Chevelle yaliyotoka kiwandani na injini hiyo pamoja na giaboksi ya otomatiki ya Turbo 400. Hapa naeleza jinsi ya kuiondoa otomatiki na kufunga giaboksi ya mkono ya Muncie, yenye gia nne. Fundi mwenye stendi imara na jeki ya giaboksi anaiweza kazi hii. Wengi wanaoharibikiwa huharibikiwa sehemu moja: giaboksi inakaa nje kidogo ya mstari wa krenki (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini), na hakuna aliyepima. Kwa hiyo hatua ya nne nitakaa nayo.

Hatua ya 1: Kusanya vifaa kabla ya kugusa spana
Tafuta seti ya pedali ya Chevelle ya mkono, nyumba ya klachi (ganda linalounganisha injini na giaboksi), flaiwili (gurudumu zito linalofungwa nyuma ya krenki), diski na presha pleti, rilizi beringi, uma wake, na vyuma vya kuunganisha pedali na uma.

Flaiwili ndiyo inayodanganya watu. Injini za 396 na 427 zimebalansiwa ndani kwa ndani, lakini 454 hubalansiwa kwa nje: sehemu ya uzito wa kusawazisha krenki iko kwenye puli ya mbele na kwenye sahani ya nyuma. Flaiwili ya 427 itaingia kwenye boliti za 454 bila shida yoyote, halafu injini itatetemeka mpaka ile beringi zake. Dai flaiwili ya 454 yenye uzito wake, na uhakikishe idadi ya meno, 153 au 168, inalingana na stata na nyumba ya klachi.

Hatua ya 2: Shusha otomatiki
Mwaga mafuta, toa propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma), fungua boliti za toki konveta (inayoshika nafasi ya klachi kwenye otomatiki), shusha vyote pamoja. Mpira wa vakyumu uliokuwa ukienda kwenye Turbo 400 uzibe palepale, la sivyo injini itavuta hewa na haitatulia ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta.

Hatua ya 3: Bushi ya krenki na flaiwili
Tazama tundu lililo katikati ya krenki kwa nyuma. Krenki nyingine za magari ya otomatiki hazikumaliziwa kuchongwa hapo, kwa hiyo jaribu bushi, yaani pete inayoshikilia ncha ya shafti ya giaboksi, kabla ya kuendelea. Bushi ya shaba iloweke kwenye oili ya injini, usiipake grisi. Igonge taratibu mpaka ikae sawa. Kisha funga flaiwili kwa boliti zake maalumu, ukikaza kwa kupishana hadi Nm 88.

Hatua ya 4: Pima nyumba ya klachi
Funga nyumba ya klachi tupu kwenye bloki, bila diski wala presha pleti. Toa plagi zote ili krenki izunguke kwa wepesi. Bandika geji ya saa yenye kitako cha sumaku kwenye flaiwili, ncha yake iguse ukingo wa ndani wa tundu kubwa linalopokea giaboksi. Zungusha krenki mzunguko mzima, polepole, ukisoma mshale.

Tofauti kati ya namba ya juu na ya chini isizidi inchi 0.005, yaani milimita 0.13. Ikizidi, igawe kwa mbili: hicho ndicho kiasi ambacho tundu limehama. Kwa mfano, ukisoma inchi 0.014, tundu limehama 0.007. Zinauzwa pini za bloki (zinazolenga nyumba ya klachi mahali pake) zilizochongwa kwa kupinda, za inchi 0.007, 0.014 na 0.021. Toa pini za kiwandani, weka hizo, zote mbili zikielekea upande mmoja, kaza, upime upya. Halafu hamishia ncha ya geji kwenye uso ambao giaboksi inaegemea, uhakikishe nao umenyooka.

Ukiruka hatua hii, gari litatembea, lakini bushi italika, gia zitakuwa ngumu kuingia, na giaboksi itaruka gia ukiwa njiani.

Hatua ya 5: Klachi na giaboksi
Safisha flaiwili isiwe na alama ya mafuta. Springi za diski zitazame presha pleti. Weka diski katikati kwa kifaa cha kulengea, kisha kaza presha pleti kidogokidogo kwa kuzunguka. Kata vichwa vya boliti mbili ndefu, uzitumie kama reli za kuongozea giaboksi. Isiachwe ining'inie kwenye diski, na usiivute kwa kukaza boliti. Ikikataa, rudi uangalie kinachozuia.

Hatua ya 6: Propela na nyaya
Pima urefu wa propela gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Yoki, yaani kichwa cha propela kinachoingia kwenye giaboksi, ikishaingia mpaka mwisho, irudishe nyuma kama milimita 20 hadi 25, ndipo upime. Hesabu meno ya yoki, kwani Muncie za zamani zina 27 na za baadaye 32. Waya za swichi ya kuzuia gari kuwaka likiwa kwenye gia zipeleke kwenye swichi ya pedali ya klachi.

Hatua ya 7: Mafuta na kuzoesha klachi
Tia mafuta ya gia ya daraja la GL-4, ya uzito wa 80W-90. Nyingi ya GL-5 zina dawa inayoshambulia shaba ya sinkronaiza (pete zinazosawazisha mwendo wa gia wakati wa kubadilisha). Acha pedali iwe na mchezo wa kama milimita 25. Kwa kilomita 800 za kwanza endesha mjini, ukibadilisha gia mara kwa mara, bila kuondoka kwa fujo, kisha urekebishe tena mchezo wa pedali.